Sindano Zangu na Ng'ombe wa Baba Mkwe

Ukipita Nyamitaba ukasikia mtu anaitwa Mama Gaju na watu wanacheka, ujue ni mimi, na huyo Gaju si mtoto wangu, ni ng'ombe wa baba mkwe. Aibu hiyo nimeibeba mpaka nimeizoea, basi acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wanaotia chumvi.

Mimi na mume wangu Bahati tulikaa miaka bila mtoto. Tukateremka Goma kimyakimya (nyumbani tulisema tunaenda harusini), daktari akatupima wote wawili, mimi nikapewa vidonge na sindano mbili za kuamsha mayai, akasema zikae mahali pa baridi, na siku ikifika muuguzi wa kituo cha afya anidunge. Mahali pa baridi! Kwetu frigo hakuna, ila kuna nyumba ya jibini ya baba mkwe, yenye ubaridi wa kutetemesha meno, na hapo ndipo nikatumia akili yangu ndogo: sindano nikazitia kwenye kopo, kopo nikalificha nyuma ya jibini zinazokauka, nikajisifu kabisa. Kumwambia mama mkwe? Thubutu! Angeamsha kikundi chote cha maombi.

Sasa, huyo Gaju alikuwa ng'ombe mzuri wa rangi ya udongo, lakini hashiki mimba. Kila jioni mzee alisema mbele yetu sote, "Asipozala, ninamupeleka kwa muchinjaji wa Sake," na mimi ninayempakulia chakula nilitazama sahani, maana maneno yale yaliniingia ingawa hayakusemwa kwa ajili yangu.

Jumapili ya sindano ikafika. Nikaona nisali kwanza, kisha nichukue kopo langu niende kituoni. Wakati wa ushuhuda, nani anasimama? Baba mkwe, kofia mkononi, anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Bandugu, Mungu iko muzuri! Veterineri, ule munganga wa ng'ombe, alisahauliaka dawa mu nyumba ya fromaji. Miye nikapiga Gaju sindano zote mbili. Leo asubui amekubali dume ya jirani!"

"Aleluya!" kanisa likajibu, ngoma zikalia, na mimi (naapa sijui miguu ilisimamaje) nikapiga kelele, mimi mke wa mwanawe, ambaye hata jina la mzee silitamki kwa heshima:

"Papa! Ile haikukuwa dawa ya ng'ombe! Ilikuwa ya miye, ya kupata mimba!"

Ngoma zikanyamaza. Halafu mama mmoja wa kwaya akashindwa kujizuia, akacheka, na kanisa zima likamfuata, pasta naye amejificha nyuma ya Biblia, mabega yanatikisika. Nikatoka mbio, nikaenda kulia nyuma ya kanisa, na sikulia aibu tu, nililia mwezi wangu uliopotea bure, nililia kwa sababu hata ng'ombe alikuwa amenipita.

Baba mkwe akanifuata. Mzee ambaye tangu niolewe hakuwahi kuzungumza nami zaidi ya salamu akasimama mbali kidogo, anazungusha kofia yake.

"Mutoto wangu, kumbe kila magaribi nilikuwa nakuumiza bila kujua. Unisamehe. Tutarudi Goma, na dawa nitabeba miye mwenyewe."

Na alibeba kweli! Akaipakata ndani ya bidoni, dumu la maziwa alilolijaza barafu, na kila kizuizi njiani, hata pale Mubambiro, askari akiuliza amebeba nini, mzee anajibu kwa sauti ya kanisani: "Ni dawa ya muke ya mutoto wangu, ya kupata mimba! Mutuachilie tupite, itaharibika!" Askari wote wananitazama tumbo, nami najifunika kitenge mpaka machoni.

Gaju alitangulia kuzaa. Mimi nilichelewa, nikadungwa nyingine, nikalia tena, lakini leo binti yetu anatembea akishika ukuta. Nimeapa kwamba sitaficha tena dawa yangu nyuma ya jibini ya mtu, maana siri inayohitaji baridi ni heri aijue mwenye nyumba ya baridi. Jina la Mama Gaju nililopewa Jumapili ile halijanitoka, na sasa naitikia tu. Maziwa anayokunywa binti yangu ni ya Gaju huyohuyo, na mama mkwe kila akimshikia kikombe lazima aseme:

"Dawa ilizunguka tu kwa Gaju. Ndio hii imefika."