Bawa la Kuku na Swali la Mageuzi

Nilirudia mtihani wa kidato cha nne nikijisomea nyumbani, Tunduma, kwa sababu bila Baiolojia chuo cha uuguzi kisingenipokea. Nilikariri mpaka nukta. Hata hivyo, kwenye mtihani wa majaribio niliacha swali zima la alama kumi na tano: eleza ushahidi wa mageuzi ya viumbe. Niliogopa kuandika kwa wino kitu nisicho na hakika kama nakiamini.

Mwalimu wa sekondari ya jirani, aliyetusahihishia sisi watahiniwa wa kujitegemea, alikuwa pia mzee wa kanisa letu. Aliniita darasani kwake.

“Hukujua, binti?”

“Nilijua, mwalimu. Lakini Jumapili wewe mwenyewe unatusomea kitabu cha Mwanzo.”

“Nasoma. Wapo wazazi wanaotaka nikisome na humu darasani, nimewakatalia. Wewe huo ushahidi umewahi kuutazama, au umeukariri tu?”

Nilikuwa nimeukariri tu.

“Kachemshe bawa la kuku. Alhamisi utajibu upya.”

Nilichemsha mawili, nikihofia moja lingevunjika. Nilipanga mifupa kwenye sahani, mkono wangu pembeni: mfupa mmoja juu, miwili chini yake, kisha midogo midogo na vidole vitatu vilivyobanana. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alisimama nyuma yangu.

“Nyama ya watu imeenda wapi?”

“Nimeila. Mama, tazama, kama mkono.”

Akagusa kiwiko cha kuku, halafu changu. “Ajabu gani? Mimi nina karatasi moja ya kukatia, natoa magauni ya mtaa mzima. Fundi ni mmoja.”

“Na mbuni asiyeruka, bawa la nini?”

“Hata mimi naweka mifuko isiyoingia kidole. Urembo.”

Alhamisi nilichora bawa na mkono, nikaeleza kwamba wanasayansi wanaona hapo asili moja. Chini nikaongeza mistari miwili kuhusu karatasi ya mama ya kukatia. Mwalimu alinipa kumi na nne, mistari ile akaizungushia.

“Hii haipimiki. Mifupa ikifanana, utasema fundi. Isipofanana, utasema fundi.”

“Kwa hiyo mama amekosea?”

“Sijasema hivyo. Nimesema si Baiolojia.”

Swali la namna hiyo lilipokuja kwenye mtihani wenyewe, niliandika mpaka kiganja kikauma, bila fundi. Chuo kimenipokea. Lile la mama, la fundi mmoja, bado sijui nimpelekee nani.