Kamera Haikumwona Bibi

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana nikianza sikatizwi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na wala haikuwa usiku wa manane mkasema niliota. Ilikuwa baada ya Magharibi, saa moja na nusu, chai yangu bado moto.

Kazi yangu ni kulinda nyangumi. Naam, mimi mwanamke wa Gazi niliyezoea kupanda mikoko. Kibanda chetu kiko juu ya mwamba, Msambweni, na nje pana mlingoti wenye kamera inayoona joto gizani. Chenye joto hung'aa cheupe kwenye skrini, cha baridi huwa cheusi. Nyangumi akipumua, pumzi yake huonekana kama mvuke wa birika, nami humwita nahodha kwa redio apunguze mwendo. Kabla hatujaletewa kamera, tulimkuta mtoto wa nyangumi ufukweni, mgongo umechanwa na mapanga ya injini. Nililia, sioni haya kusema.

Jioni hiyo niliwaona wawili, mama na mtoto wake. Shemeji yangu Bakari alikuwa akirudisha wageni kwa boti kutoka Funzi. Nikamwambia asimame kwanza, wapite. Mara nikasikia mlangoni, "Hodi!"

"Karibu!" nikajibu. Hapo ndipo nilipokosea. Marehemu mama alinifunza kwamba kukishaingia giza, hodi ya kwanza usiiitikie. Ngoja ya tatu, kisha uliza ni nani. Lakini sisi watu wa pwani mdomo hauna breki, hodi ikija karibu imeshatoka.

Alikuwa bibi mzee wa leso mbili. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alasiri, na leso zake kavu kabisa. Mngeshuku au msingeshuku? Nilishuku, ila nilishuku vibaya. Nilidhani ametumwa na mkubwa wetu aangalie kama nasinzia kazini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikampa mkono. Wallahi, mkono ule ulikuwa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu. Akaketi kwenye benchi barazani, mlango ukiwa wazi, akaitazama skrini yangu.

"Wawatafutia nini hawa?"

"Wasigongwe na boti, bibi."

"Hawa washapita. Mwambie shemejio aende zake."

Sikuwa nimemtaja shemeji. Nilitazama skrini, na kweli bahari ilikuwa tupu, hakuna pumzi hata moja. Redio ikalia. "Shemeji, wageni wanatapika huku! Njia i wazi?"

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Sasa, mimi hata mizani ya dukani siiamini, seuze bibi nisiyemjua. Nikaigeuza kamera kutoka baharini hadi barazani kwetu. Paka wangu aliyelala pale aling'aa mweupe. Birika jikoni kando yake likang'aa. Pale kwenye benchi palikuwa peusi tii. Nikitazama kwa macho, bibi huyo hapo, anatabasamu. Nikitazama skrini, hakuna mtu. Nilijiuliza jambo moja tu: asiyeonwa na kamera, neno lake nitaliaminije?

"Bakari, usiondoke! Zima injini!"

Nikairudisha kamera baharini. Pumzi mbili, kubwa na ndogo, mbele kabisa ya boti. Nikamsikia Bakari redioni akisema, "Ya Rabi, wako hapa, karibu niwaguse." Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu. Njia ya kuja kibandani ni moja, ya mchanga, na ulikuwa umelowa. Nyayo zilikuwa zangu tu.

Asubuhi alikuja Mutiso, fundi wetu kutoka Machakos. Nikamwambia kamera imeharibika. Akanisimamisha mbele ya kamera.

"Inua mikono, sister. Zote mbili."

Akatazama skrini, akanitazama mimi, akatazama tena. "Kamera iko sawa," akasema polepole. "Shida ni wewe."

Mkono wa kushoto ulikuwa mweupe. Wa kulia, niliompa bibi, vidole vyote vilikuwa vyeusi.

Hospitalini wamenipima, wanasema mkono mzima. Sihisi maumivu. Lakini kila nikiingia zamu hujipima mbele ya kamera, na juzi weusi ulifika kwenye kifundo. Mjukuu wangu akiniamkia, nampa wa kushoto, na watu wanasema nimekosa adabu. Waseme. Naogopa kumgusa mtoto na huu mwingine.

Nyangumi bado wanapita, nami bado nipo pale. Nawe ukisikia hodi gizani, ngoja ya tatu, uliza ni nani, na mkono usiutoe mpaka ujue unampa nani. Mimi wangu niliutoa, na kila zamu naona unavyochukuliwa.