Mchukuzi wa Kabati

Kijojia nilijifunza peke yangu, nusu saa kila alfajiri, kabla ya kwenda mtaa wa Ghala, huku nchi ya Waarabu, ninakosimamia stoo ya vipuri vya magari. Ilinichukua miaka sita. Sababu ilikuwa filamu moja ya zamani ya vichekesho, isiyo na rangi, niliyoikuta mtandaoni nikaicheka bila kuelewa hata neno. Nilitaka kujua nimecheka nini.

Kisha nikaitilia maandishi ya Kiswahili chini ya picha, sentensi kwa sentensi. Kisa chenyewe ni chepesi. Katika ua mmoja wa Tbilisi, mji mkuu wa Wajojia, wanaishi Wajojia wenyewe, Waarmenia, familia ya Kiyahudi na mchukuzi Mkurdi. Binti wa mwenye nyumba anaolewa, na kabati lake halipiti kwenye ngazi. Kila jirani anatoa amri, na mchukuzi amelibeba mgongoni.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, niliwaonyesha watu wawili nyumbani kwetu Darsait: mama yangu, mzaliwa wa Unguja, na Mkenya anayefanya kazi nami kwenye kaunta ya stoo. Huyu wa pili ndiye niliyeingojea kauli yake. Kila siku wateja humuuliza kama anaelewa Kiarabu, naye huwajibu kwa Kiarabu. Nilikuwa nimemwahidi filamu ambamo kila mtu ana nafasi yake uani.

Robo saa nzima walicheka pamoja. Mama alimpenda fundi viatu Muarmenia. Alisema mtaani kwao walikuwa na mtu kama huyo, anayegombana na kila jirani na kumlisha kila jirani. Kisha mchukuzi akafungua mdomo, na mgeni wangu Mkenya akainama kusoma. Chini ya picha nilikuwa nimeandika: "Mimi nabeba, mimi hapana jua." Kwetu, mtu akisimulia kichekesho chenye mpagazi kutoka bara, humsemesha hivyo. Nimekisikia tangu utotoni, sikuwahi kujiuliza.

"Mzee," akasema taratibu, "huyu umenifanya mimi."

Nikaanza kujieleza. Mama akanikata: "Usimjibu kitu. Hata mie nnaliona."

"Na kwa lugha yao," mgeni akauliza, "anaongea hivyo kweli?"

Nilikuwa nimefanya kazi kutoka kwenye nakala ya mazungumzo, nikiwa na kamusi. Sauti ya mchukuzi sikuwa nimeisikiliza vizuri hata mara moja. Nikarudisha filamu nyuma, nikafumba macho. Nilipoirudia mara ya pili, nikasikia. Mchukuzi alisema Kijojia safi, kilichonyooka kuliko cha mwenye nyumba. Uani wote wanajikwaa kwa maneno, isipokuwa yeye. Ndio mzaha wenyewe! Yeye ndiye anayejua kwamba kabati linafunguka vipande, analisema wazi tangu mwanzo, na hakuna anayemsikiliza. Miaka sita ya Kijojia, na mzaha ule niliuzika kwa mikono yangu.

Sisemi filamu haina kasoro. Yule baba wa Kiyahudi ana sentensi mbili tu, na wanawake, ukimtoa mwenye nyumba, hupita na sahani. Lakini hili la mchukuzi walioitengeneza walilifanya kwa makusudi, nami nilikuwa na haraka ya kulieleza hata nikamwaga chai.

Mgeni akavuta kiti karibu na kompyuta. Mama akashauri mchukuzi apewe Kiswahili cha Unguja, kizuri kabisa, na mwenye nyumba apewe changu.

"Hapana, Mama," mgeni akasema. "Mpe changu. Kile ninachoongea kweli."

Nikaandika alivyosema, bila kurekebisha herufi. Tulipomaliza, maghribi ilikuwa imekaribia. Tukaiendesha upya. Mchukuzi akalitua kabati kwenye ngazi, akajifuta jasho, na chini yake yakatokea maneno: "Hii kabati inafunguliwa, jameni. Ni vile hamjaniuliza."

Mgeni wangu alikuwa ameshaanza kucheka kabla hayajatokea.