Uso wa Mwanangu Unauzwa na Shikleti

Jina langu mulifiche, tafadhali, maana Gisenyi ni mji mdogo na shemeji yangu anajua kusoma. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nimeokoka, naimba kwaya, na nauza mandazi kwenye njia ya kwenda mpakani. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikikosea mahali munivumilie. Nawaandikia ninyi kwa sababu nyumbani kwangu sina tena wa kunisikiliza.

Kifungua mimba wangu nitamwita Eric, ingawa si jina lake. Alipenda mpira kuliko chakula. Malaria ilimpanda kichwani akiwa na miaka kumi na tisa, Bwana akamchukua. Tulipokaribia kumaliza kilio, mdogo wa mume wangu, ndiye huyo shemeji, akajitolea kupeleka picha ya Eric Goma ikakuzwe, tuiweke mezani siku watu watakapokuja. Ilikuwa picha nzuri, Eric yuko uwanjani amevaa jezi ya kuazima, rangi ya chungwa. Picha kubwa ikaletwa. Ile ndogo shemeji alisema imebaki kwa mpiga picha, ataifuata. Nikamshukuru, tena nikamwombea baraka.

Mwaka jana, Kombe la Dunia lilipochezwa Ufaransa, vijana wote wa hapa walishikwa na wazimu wa picha za shikleti, zile pipi za kutafuna. Ni vikaratasi vigumu vya wachezaji, vinafungwa pamoja na shikleti, vijana wanavikusanya na kubadilishana. Hizi za kwetu hazitoki Ulaya. Kuna mtu Goma anazichapisha bila ruhusa ya yeyote, anakata nyuso popote anapozipata na kuandika majina anavyotaka, hata unakuta wachezaji wawili wana kichwa kimoja. Shemeji anazivusha na kuziuza dukani kwake.

Siku moja kijana alikuja kutaka mandazi, akaweka rundo la picha zake juu ya meza yangu. Wa juu kabisa alikuwa Eric. Jezi ile ile, kidevu kile kile, na chini yake jina la mchezaji wa Uholanzi. Mafuta yaliungua jikoni sikusikia harufu. Nilipomwuliza kijana kama anamjua huyo, alisema huyo ni mwingi, hana thamani, ndiye wanamchezea chini. Na kweli nikaenda nikaona. Wanazilaza picha kwenye udongo na kuzipiga kofi zigeuke, na yule wa kukanyagwa na kutemewa mate alikuwa mwanangu.

Nilimfuata shemeji dukani, mbele ya wateja wake. Sikumsalimia. Hakukana hata kidogo. Alisema yule mpiga picha ndiye anayezichapisha, alikosa picha ya Mholanzi, akaona jezi inafanana, basi.

"Mama Eric, we unakasirikia nini?" akaniambia huku anacheka. "Mutoto iko muzuri pale. Hata mwenye jina hajakuja kulalamika."

Nikamjibu, "Mwenye jina hajui. Mimi ndiye nilimzaa mwenye uso."

Akasema bon, yaani haya basi, kama inaniuma sana nizinunue zote. Wateja wakacheka. Sikununua kwake, Mungu aniepushe, ila niliwatangazia vijana kwamba anayeniletea Eric namupa andazi. Wakaja kutoka kila kona. Nilikuwa nampangusa tope kwa kitenge changu, namweka ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Waliniita Mama Mholanzi, wakanicheka, na wengine wakaanza kudai mandazi mawili. Nikawapa. Nilijiambia kwamba zitaisha.

Haziishi, ndugu zangu. Shemeji alipoona kila kijana anamtafuta Eric ili apate andazi, aliagiza Goma wachapishe Eric zaidi. Siku hizi unafungua shikleti tatu, wawili ni yeye. Nikiacha kukusanya, anarudi kwenye tope. Nikiendelea, namtajirisha huyu mtu kwa unga na mafuta yangu mwenyewe.

Mchungaji aliniambia nisamehe saba mara sabini, na kwamba picha si mtoto. Nilipiga magoti nikajaribu. Nikisimama tu namwona shemeji pale kanisani anatoa sadaka, moyo unawaka upya. Simpendi. Sitaki kuwadanganya.

Lakini aliyenivunja ni mume wangu. Nilipata habari kwamba naye anatembea na picha moja mfukoni, na akivuka mpaka kwenda kazini anawaonyesha watu na kusema mwanawe anacheza Uholanzi. Nilimwuliza kwa nini anamsemea marehemu uongo. Akasema, "Kule kuna watu hawakuja kwenye kilio. Kwao bado anacheza."

Nililia, naye akatoka nje.

Sasa juma hili shemeji amemwambia mume wangu kwamba ile picha imechakaa kwa kuchapwa, anataka nyingine. Nyingine ni moja tu. Ni ya siku Eric alipobatizwa, amevaa shati jeupe, mimi nimesimama kando yake, nimemwekea mkono begani. Nilimtuma mtu aulize watafanyaje na hilo shati. Jibu likaja kwamba jezi itachorwa juu yake, na mimi nisiwe na wasiwasi, nitakatwa.

Picha nimeificha. Mume wangu hajagusa chakula changu tangu nilipokataa. Alisema namzika mtoto mara ya pili, kisha akaacha kusema nami. Mimi naona ni wao wanaomfukua.

Ninyi wenye watoto, na ninyi muliozika, nishaurini kwa jina la Yesu. Nimpe mume wangu picha ili apate wa kumwonyesha huko Goma, au nimnyime na nibaki ndani ya nyumba hii na mtu asiyesema nami? Nifanye nini?