Garanti ya Mdomo

Wakati wa vita, Kisangani ilikuwa na mahali patatu pa kununua lenzi ya kamera, na kila mahali palikuwa na namna yake ya kukuumiza. Nasema lenzi ili tuelewane. Sisi wapiga picha wa Makiso, mtaa wa katikati ya mji, tulisema objectif, na tuliisema kwa kiburi, maana ndiyo iliyokuwa inatutofautisha na watu wenye kamera tu.

Yangu ilivunjika siku moja ya risasi. Nilikuwa nyuma ya toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, natoka kupiga picha za harusi. Risasi zikalia upande wa bandari, mwendeshaji akaruka kushoto, mimi nikaruka kulia, na kamera ikachagua njia yake. Kamera yenyewe ilipona, lakini kioo cha mbele kilipasuka kama sahani. Na kamera ile ndiyo iliyokuwa inatulisha, mimi na mama yangu, maana duka dogo alilotuachia baba lilikuwa limeporwa mpaka mbao za rafu. Sitaki kudanganya, vita vilikuwa na kazi nyingi kwa mpiga picha. Watu walihitaji picha ndogo za kubandika kwenye karatasi za ruhusa ya kupita. Askari wa kigeni nao walipenda kupigwa picha wakiwa na bunduki zao, wapeleke kwao waonekane wanaume. Kuwapiga picha kulinitia aibu, lakini walilipa papo hapo. Bila lenzi hakukuwa na picha, na bila picha mama hana cha kuweka sufuriani.

Basi nikaanza kuzunguka. Kwanza nilikwenda kwa mfanyabiashara wa kwetu, maana sisi ni watu wa Butembo, Wakatoliki, na duka la mtu wa kwenu unaingia kichwa juu. Lenzi zake zilikuja kwa ndege kutoka Goma, bado ziko kwenye katoni, na ndani ya katoni kuna kadi ya garanti ya mwaka mzima yenye muhuri. Nikaisoma kadi ile. Ilisema kifaa kikiharibika, kipelekwe kwa wakala wao Kinshasa. Kinshasa! Vita vilikuwa vimeigawa nchi, mto umefungwa, hata salamu kwa dada yangu aliyeolewa kule zilikuwa hazifiki. Nikamuuliza mwenye duka nitafikaje Kinshasa na lenzi mbovu mkononi. Akacheka, akasema vita vitakwisha siku moja, wewe tunza kadi. Kwa bei ile aliyoitaka ningeuza milango ya nyumba, na ambacho ningekuwa nimenunua zaidi ni ule muhuri.

Mahali pa pili palikuwa sokoni, nyuma ya wauza nguo kuukuu, ambako askari waliuza vitu visivyo na mwenyewe. Bei ilikuwa ya kuchekesha. Huulizi, hujibiwi. Lakini kila mtu alijua vile vitu vimetoka katika nyumba za watu, na mwenyewe yu hai, anapita barabara hizo hizo. Mwenzangu mmoja alinunua redio pale, na mwenyewe akaitambua kwa waya alioufunga kwenye antena kwa mikono yake, walifikishana pabaya. Halafu kitu kikikufia jioni, aliyekuuzia asubuhi ameshapelekwa mstari wa mbele. Utamdai nani?

Mahali pa tatu ndipo nilipolilia baadaye. Palikuwa kwa mzee mmoja wa zile familia za Waislamu za tangu zamani za mji wetu, mwenye kofia nyeupe na meza mbele ya lupango lake, yaani kiwanja chake chenye ua. Alitengeneza saa, redio na kamera, na aliuza lenzi za mkono wa pili ambazo amezisafisha mwenyewe. Bei yake ilikuwa ya katikati, unaumia lakini unapona. Karatasi hakuwa nayo hata moja. Garanti yake ilikuwa mdomo, na alikuwa na namna yake ya kuitoa. Alikuwekea kitu mkononi lakini hakukiachia. Mnakishika wote wawili mpaka amalize maneno yake.

"Miezi tatu iko yangu," aliniambia. "Ikikufa ndani ya miezi tatu, unaleta, natengeneza ao nakupa ingine. Maji na kuanguka, ile iko yako. Umesikia?"

Ilikuwa lazima ujibu. Nikajibu nimesikia, ndipo akaachia. Mji mzima ulijua maneno yale. Masista walinunua kwake, maofisa walinunua kwake, na sijawahi kusikia mtu akisema mzee aliruka neno lake. Katika mji ambao jioni hujui bendera ya nani itapandishwa kesho, lile neno lilikuwa kitu cha kushika. Ndiyo sababu nililichagua, na bado nasema nilichagua vizuri. Ubaya haukuwa wake.

Lenzi ile ilikuwa safi. Nikafanya kazi, mama akapika, tukasahau kuhesabu vijiko vya mafuta. Kisha nikaitwa Yanonge, mtoni chini, kupiga picha za komunyo ya kwanza. Nikashuka na mtumbwi wa injini, nikapiga watoto wote na mishumaa yao, nikalipwa fedha kidogo na samaki wa moshi, kikapu kizima. Nilikuwa na plastiki moja tu. Wakati wa kurudi mbingu ikawa nyeusi juu ya mto, na mvua ya kwetu haipigi hodi. Nikaitazama kamera, nikawatazama samaki. Samaki wakilowa wanaoza, na kule Makiso wakati ule samaki wa moshi alikuwa mali. Plastiki nikawafunikia samaki. Kamera nikaikumbatia chini ya shati, kana kwamba shati langu ni nyumba.

Siku chache baadaye ukungu ulionekana ndani ya kioo. Halafu zikaja nywele nyeupe za kuvu, halafu pete ya kulenga ikakaza, haizunguki tena. Miezi mitatu ilikuwa haijaisha. Naapa kwamba siku nilipotoka nyumbani na lenzi ile mfukoni, nilikwenda kumwomba tu mzee. Nilikuwa nimeyapanga maneno: Papa, ilinyeshewa, kosa ni langu, nisafishie, nitakulipa kidogo kidogo. Nilikuwa nayo mdomoni.

Nilipofika, meza haikuwapo. Badala yake palikuwa na mikeka na viti vya kuazima, wanaume wenye kofia wamejaa ua, na ndani wanawake wanalia. Mzee alikuwa amefariki alfajiri. Si risasi, si bomu. Presha tu, na dawa zake zilikuwa zinakuja na ndege ambazo haziji tena. Kwa kuwa Waislamu hawalazi maiti, walikuwa wanamzika alasiri hiyo hiyo. Nikakaa nyuma kwa heshima. Nililia, tena kwa kweli, mimi niliyekuja na shida yangu mfukoni.

Kabla ya jeneza kuinuliwa, mtoto wake mkubwa akasimama mbele ya watu. Akasema baba yao alikuwa mtu wa kazi na mikono yake imepita katika vitu vya watu wengi. Kama yupo anayemdai, aseme, au awaone watoto wake, na anayeweza, amsamehe. Watu wakanong'ona kwa pamoja, tumesamehe, tumesamehe. Leo najua kule kuuliza ni nini. Huulizwa ili watu waseme tumesamehe, maiti aende mwepesi. Anayedai kweli humwona mtoto kando, pole pole, siku nyingine. Lakini kwenye misiba yetu ya Kikatoliki hakuna anayesimama kuuliza hivyo. Mimi nilisikia mlango umefunguliwa, na nikaona kwamba ukifungwa nimekwisha. Nikainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mimi namudai," nikasema. "Objectif, na garanti ya miezi tatu. Imekufa ndani ya miezi."

Kila neno lilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikusema uongo hata mmoja. Niliacha mvua tu. Vichwa vyote viligeuka. Mwanamume mmoja karibu yangu akasogeza kiti chake mbali nami. Mtoto wa marehemu akasema vizuri, tukitoka makaburini utapewa haki yako. Na mimi, jamani, nikaenda makaburini nao. Nikatupa udongo juu ya mzee huku lenzi yake inanigonga pajani.

Tuliporudi, mjane alikuwa ameshatoa funguo za sanduku la kazi. Alikaa ndani na wanawake, hakutoka. Alimtuma mwanawe aniambie nichague mwenyewe, maana wao hawajui ipi ni nzuri. Hapo tena ningeweza kuacha. Ningeweza kuchukua ndogo, mbovu mbovu, ya kusukuma siku. Nikachagua iliyo bora kuliko zote sandukuni, kuliko hata ile niliyonunua. Nikaambiwa asante. Waliniambia wao asante, mimi ndiye niliyeitikia.

Nyumbani mama alikuwa anageuza samaki wa Yanonge juu ya jivu. Nikamweleza, nikasema nimedai haki yangu mbele ya watu wote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kugeuza samaki.

"Na mvua?" akauliza.

Nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji. Samaki wale tulikula wiki nzima na pondu, yale majani ya muhogo, na walinishuka kooni kama mchanga.

Lenzi mpya ilikuwa ajabu. Nilipata kazi nyingi kuliko wapiga picha wote wa mtaa. Lakini mji haukunisahau. Waendesha toleka walinibatiza Papa Garanti. Nikipita, mmoja anapaza sauti kuniuliza je, abiria akifa njiani, baiskeli inarudishwa kwa nani? Wenzake wanaanguka kwa kicheko. Nilicheka nao, ningefanya nini. Kilichonikosesha usingizi ni kingine. Nilisikia kwamba baada yangu walikuja watu wengine kwa familia ile, huyu na saa iliyosimama, yule na redio, wote wakisema mzee aliwapa garanti. Wakati wa uhai wake hakuna aliyepata kulalamika. Sasa sokoni watu walianza kusema labda vitu vya mzee havikuwa vizuri kama tulivyodhani. Neno lake lile, ambalo alilishika na kila mteja mkono kwa mkono, lilikuwa linachafuka, na mkono wa kwanza kulichafua ulikuwa wangu. Nilijichukia. Nikawa nazunguka njia ndefu nisipite mbele ya lupango lao.

Mjane alikaa eda, miezi ile ambayo mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa hatoki nyumbani. Alipotoka tu, alikuja kwetu. Nilimwona anaingia uani na mwanawe, kitambaa cheupe kichwani, na moyo ukaniambia anakuja kuchukua lenzi yake. Nilifurahi, naapa. Nilitaka aichukue. Mama akamletea kiti, mjane akasema hakai sana. Akauliza hali ya nyumba, akauliza kama objectif inatumika vizuri. Nikasema inatumika, mama.

"Basi nimekuja uniambie kwa mudomo yako," akasema. "Mume yangu, unamudai kitu?"

"Hapana, mama. Simudai."

"Sema tena, mutoto yangu asikie."

"Simudai kitu."

Akafunga macho, akashusha pumzi. Kisha akaanza kunieleza, bila haraka, na kila neno lilikuwa linanipiga. Kwao, mwenye deni hapumziki kaburini mpaka deni litoke. Watu wote siku ile walisema tumesamehe, lakini yeye angejuaje ndani ya mioyo yao? Mimi peke yangu ndiye niliyesema wazi, mchana, na mume wake akaingia kaburini deni hilo likiwa limeshabebwa na watoto wake. Watu walimwambia niliwavunjia heshima. Yeye aliwajibu hapana, yule kijana alimpenda mzee, hakutaka alale na mzigo. Eda nzima alikuwa ananiombea.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Alinitazama. Mvua yote ya Yanonge ilikuwa mdomoni mwangu. Nilichotakiwa ni kufungua tu. Nikafikiri, nikisema sasa, nitamnyang'anya huyu mama kitu alichokaa nacho eda nzima. Nilifikiri hivyo, na hata leo sijui kama nilikuwa namhurumia yeye au najihurumia mimi.

Alisimama kuaga. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia, kwa sababu desturi yao ina upande wa pili, na mimi nilikuwa siujui.

"Na wewe," akasema, "kama iko kitu yeye alikuwa anakudai, sisi wote tumekusamehe. Umesikia?"

Ilikuwa lazima nijibu. Nilipaswa kumwambia anasamehe nini.

"Nimesikia, mama," nikasema. "Asante."