Jirani aliyelilia mparachichi wetu

Leo tumekata mparachichi wetu, na aliyelia si mimi wala Mama.

Mti huo tuliukuta nyuma ya nyumba tuliporudi kutoka Tanzania. Mvua za juzi ziliulaza hadi ukaegemea paa letu, basi hapakuwa na namna.

Sasa, jirani yetu Mama Zawadi, fundi cherehani, amegombana na mti huo miaka yote. Matunda yalikuwa yakidondokea bati lake, naye hupiga kelele: "Muti yenu itaniua!"

Kwa hiyo asubuhi, mkataji alipowasha msumeno, nikamwona Mama Zawadi anaingia uani kwetu. Nikasema moyoni, huyu amekuja kushangilia.

Jamani! Akaweka mkono kwenye shina, machozi yakamtoka.

Nikamuuliza, "Mama Zawadi, si ulikuwa unauchukia?"

"Mi niko peke yangu kule," akasema. "Avoka ikianguka, nakuja kugombana na mama yako, tunaongea mupaka saa sita. Sasa nitakuja kwa sababu gani?"

Hata mkataji alizima msumeno wake.

Mama akamvutia kiti. "We kuja tu. Hata bila sababu."

Mti umeanguka saa nne. Sisi watatu tumekula maparachichi ya mwisho kwa mkate na chumvi, tukicheka, na Mama Zawadi ameondoka saa tisa!

Na wewe, jirani yako wa kugombana naye ni nani? Mtaje hapa.