Maji ya Kuoshea Kioo

Sauti ilikuwa kama ya nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Nilivuta kijiti cha kurushia maji kwenye kioo cha mbele, na badala ya maji nikasikia mvumo mkavu, mwembamba, wenye hasira, ukitoka mahali fulani chini ya boneti. Nikavuta tena, mvumo ule ule. Waipa zilipita na kukipaka kioo kizima tope la chumvi ambalo lori lililotutangulia lilikuwa likiturushia, kwani manispaa hunyunyiza chumvi barabarani ili barafu isishike. Tulikuwa tunaelekea mashariki, na jua la Januari lilikuwa ndiyo kwanza limechomoza, limesimama sawasawa na macho yangu. Kioo kikageuka ukuta mweupe unaong'aa. Sikuliona lori. Sikuiona barabara.

"Punguza mwendo, mwanangu," alisema shangazi yangu, aliyeketi kando yangu na sare yake ya kazi chini ya koti. "Huoni mbele."

Aliyasema hayo kwa utulivu ulioniudhi kuliko ambavyo ukelele ungeniudhi. Nilishusha dirisha, nikatoa kichwa nje, nikaendesha hivyo, sikio moja likiganda na honi za watu zikilia nyuma yangu, hadi nilipokiona kituo cha mafuta upande wa kushoto nikaingia. Nilisimama kando ya mashine ya kujazia upepo. Nilisahau kuzungusha ufunguo ili kuzima injini. Shangazi alinyoosha mkono wake akauzungusha yeye.

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Saa mbili na nusu shangazi alitakiwa awe mlangoni kwa mzee wake wa kwanza. Kazi yake ni kea, kama tunavyoiita sisi wa London: kuzunguka majumbani kuwainua wazee vitandani, kuwaosha, kuwavisha, kuwapa chai na vidonge vyao. Mzee yule wa kwanza hakuweza kujiinua mwenyewe. Na ofisi iliyomwajiri shangazi ilikwisha kumwandikia barua mbili za onyo kwa kuchelewa, zote mbili kwa sababu ya mabasi. Ya tatu, walieleza kwa adabu nyingi, ingemaanisha kwamba wazee wake watapewa mtu mwingine. Palikuwa na kanuni moja ya kuokoka: anayejua kwamba atachelewa apige simu kabla ya saa yake kufika na aeleze sababu. Asiyepiga huhesabiwa kuwa hakuja kazini.

Ndiyo maana mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nikiishi kwake, nilikuwa na leseni, na masomo yangu ya uzamivu hayakunihitaji mahali popote kabla ya saa nne. Tangu barua ya pili, kila asubuhi nilimwendesha kwa gari lake lililokuwa limelala uani tangu mumewe afariki. Sababu ya mimi kuwapo, na ya gari kuwapo, ilikuwa moja tu: asichelewe.

"Wapigie simu," alisema. "Waambie gari limeharibika."

Kiingereza cha shangazi hutosha kumgombeza muuza vitambaa yeyote wa Southall, lakini mbele ya mratibu wa zamu humkimbia chote, akabaki na "yes" na "sorry". Kwa hiyo simu za ofisini zilikuwa zangu. Nilimjibu kwamba nitapiga, ila kwanza lazima nijue ni nini kilichoharibika.

Mtu mwingine angepiga pale pale. Lakini mimi nasoma takwimu za afya, na kwa miaka mitatu nimefundishwa kutolitamka neno "sababu" mpaka niwe nimeziondoa sababu nyingine zote. Tena, na hili ndilo lililonichoma, gari lile lilikuwa limetayarishwa. Nilikuwa nimelitayarisha mimi.

Mwezi wa Novemba nilikisoma kitabu cha gari kurasa zote, hata zile za kufunga kiti cha mtoto. Niliandika orodha ya mambo kumi na sita. Nilipima kina cha matairi kwa sarafu, tairi moja moja, mahali patatu patatu. Nilinunua kipimo cha kuchovya ndani ya rejeta ili nijue kama dawa ya kuzuia maji yasigande ina nguvu ya kutosha. Niliipeleka betri ikapimwe, na yule aliyeipima aliponiambia ni nzima nilimuuliza ni nzima kwa kiwango gani, akanitazama. Nilipaka mafuta ya mgando kwenye mipira ya milango ili isinate. Nyuma niliweka blanketi, koleo, tochi, na kifaa cha kukwangulia sakitu, ule ukungu wa barafu unaoota juu ya vioo usiku. Na kwenye tangi la maji ya kuoshea kioo nilijaza yale maji ya buluu ya majira ya baridi, makali, bila kuyachanganya na hata tone la maji ya bomba.

Shangazi alinitazama siku zile zote kutoka dirishani, akacheka. Alisema marehemu mumewe aliendesha katika nchi hii miaka ishirini kwa maji ya bomba na bismillahi. Jamaa zetu walipopata habari, kila mmoja alikuwa na ushauri: mmoja alisema nimwage maji ya moto kwenye kioo kila asubuhi, wa pili akaapa kwamba maji ya moto hupasua kioo, wa tatu akasema nikisugue kwa kitunguu. Sikumsikiliza yeyote. Niliweka alama ya vema mbele ya mambo yote kumi na sita, na nilipoona wiki zinapita na taa ya onyo la maji ya kioo haiwaki, nikajisifu kwamba ninayatumia kwa uangalifu.

Sasa nilishuka, nikafungua boneti. Shangazi alishuka pia, akasimama nyuma yangu akipiga miguu chini kwa baridi.

"Saa mbili na robo," alisema.

Nilikagua fyuzi, ingawa fyuzi iliyokatika isingeacha pampu ivume. Nilikagua mpira wa maji kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilichokonoa vijitundu vya kurushia maji kwa pini ya mtandio. Ndipo nilipofungua kifuniko cha tangi na kuangaza tochi ndani. Palikuwa na barafu imejaa hadi shingoni, na barafu ile haikuwa ya buluu. Ilikuwa ya manjano. Niliinama kuitazama vizuri, na katikati ya harufu ya petroli na moshi wa malori nikapigwa na harufu ya marashi.

Nilisimama na kifuniko mkononi. Mwezi wa Oktoba, siku chache kabla ya watahini kukaa kuamua kama nitaruhusiwa kuendelea na uzamivu, shangazi alikwenda kwa mabasi mawili hadi kwa mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, akamwomba aniandikie kombe. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi na maji, na shangazi akaniletea chupa kubwa imejaa. Nilitakiwa ninywe asubuhi saba, kabla ya kula na kabla ya kusema na mtu. Sikulikataa. Niliahirisha. Asubuhi ya kwanza nilipokea simu kabla sijakumbuka. Ya pili nikajiuliza kama hesabu inaanza upya. Ya tatu nikaanza kufikiri kama siku saba lazima zifuatane. Chupa ikakaa mlangoni mwa friji karibu na maziwa. Kikao cha watahini kikapita, nikaruhusiwa kuendelea kwa sharti la kuandika upya sura mbili. Mwezi wa Disemba chupa ilitoweka, nami, kwa aibu, sikuuliza.

"Shangazi," nilisema. "Ile chupa ya kombe uliipeleka wapi?"

Alilitazama tangi, kisha akanitazama mimi.

"Hulimwagi kombe kwenye sinki likapite chooni. Humwagwa penye udongo safi, pasipokanyagwa. Sasa miye nakaa ghorofa ya tatu, Hounslow. Udongo safi niupate wapi?"

"Ukaona ulitie ndani ya gari?"

"Niliona kifuniko kina picha ya maji yanaruka mbele. Nikasema, kama hukulinywa, basi likutangulie njiani."

Laiti angekuwa amekosea kwa uvivu, au kwa ubishi, ningejua la kumwambia. Nilimwambia tu, kwa sauti iliyopanda kuliko nilivyokusudia, kwamba maji hayo hayana dawa ya kuyazuia yasigande, kwamba tangi lilikuwa karibu tupu alipolijaza, kwamba usiku wa jana ulikuwa wa kwanza kuganda kweli kweli msimu huu, na kwamba nusura tuingie chini ya lori. Nilimweleza pia kwamba ndiyo maana taa ya onyo haikuwaka. Nilikuwa bado naeleza aliponikata.

"Weye unatafuta sababu. Miye natafuta kazi yangu. Saa mbili na dakika ishirini."

Mzee mmoja wa Kisingasinga, mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe, alikuwa akitia mafuta kwenye pampu ya karibu. Alikuja kwetu akijifuta mikono, akatusalimu kwa Kiswahili kana kwamba tuko Kisumu, ambako, kama alivyotuambia kabla hatujamuuliza, ndiko alikozaliwa. Alichungulia chini ya boneti, akanusa.

"Mama, hii gari inaenda kazi ama inaenda harusi?"

Shangazi akacheka. Alicheka mpaka akajishika kwenye boneti, na mimi, Mungu anisamehe, nilikasirika upya. Mzee akaniuliza kama ninakusudia kumwaga maji ya moto. Nikasema sijakusudia lolote bado. Akasema vizuri, kwa sababu kioo itapasuka na mama atachelewa zaidi, kisha akaenda kwenye gari lake na kurudi na chupa ya maji ya buluu, yale yale niliyojaza mimi Novemba. Akayamwaga moja kwa moja juu ya kioo, akakifuta kwa gazeti mpaka nikamwona shangazi upande wa pili.

"Si lazima mashine," alisema. "Kioo ikichafuka, simama pembeni, mwaga na mkono, endelea. Chupa kaa nayo." Akamuaga shangazi kwa heshima, akaondoka.

Orodha yangu ya mambo kumi na sita haikuwa na jambo hilo.

Tukaingia garini. Shangazi aliishika chupa mapajani kwa mikono miwili. Saa mbili na dakika ishirini na nne. Nilitoa simu, na bado sikupiga, kwa kuwa sasa sababu nilikuwa nayo na sikujua la kuifanyia. Ningesema kweli yote, mratibu angeandika kwamba mfanyakazi mwenyewe ndiye aliyeharibu gari linalomleta kazini. Hiyo ndiyo barua ya tatu. Ningesema "hitilafu" tu, angeuliza hitilafu gani, maana ndivyo anavyofanya. Nilianza kupanga sentensi kichwani, nikazipanga upya, nikaona kwamba ya nne inapingana na ya pili. Kisha nikajaribu kuifuata sababu nyuma, hatua kwa hatua, kama ninavyofundishwa. Maji yaliganda kwa kuwa yalikuwa kombe. Kombe lilikuwamo kwa kuwa halikuwa na pa kumwagwa. Halikuwa na pa kumwagwa kwa kuwa lilibaki. Lilibaki kwa kuwa kuna mtu mzima aliyeshindwa kunywa maji asubuhi saba.

"Mwanangu," alisema shangazi, taratibu, bila hasira. "Mzee wa watu amelala vile vile tangu jana."

Nikapiga. Simu ililia mara tatu. Nilijitambulisha kwa mratibu, nikasema kwamba shangazi atachelewa kwa mzee wake wa kwanza kwa dakika ishirini, kwamba tumesimama njiani kwa kuwa maji ya kioo yameganda na tulikuwa hatuoni. Nilisikia akichapa.

Akauliza ni nani anayelitunza gari. Nikasema ni mimi, mpwa wake.

Akauliza kama nililitayarisha kwa ajili ya baridi.

Orodha ilinijia yote, pamoja na alama zake za vema: sarafu kwenye matairi, kipimo kwenye rejeta, mafuta kwenye mipira ya milango. Kinywa kilikuwa tayari wazi. Shangazi alikuwa amegeuka ananitazama, na sentensi ile ya Kiingereza aliielewa vizuri kabisa.

"Hapana," nikasema. "Si ipasavyo. Kosa ni langu, si lake."

Akachapa tena, kwa muda mrefu. Kisha akasema ataandika kwamba tatizo ni gari, hataandika jina la shangazi, na kwamba atampigia mzee amtulize. Lakini niliangalie gari hilo leo leo, kwa sababu mara nyingine hataniuliza kwa upole. Nikasema ndiyo. Akataka namba ya gari. Nikaanza kumtajia herufi moja moja, polepole, nikakosea ile ya mwisho, nikamwomba radhi, nikairudia.